Kiti cha Mwalimu Wakuru

Mmeniomba niandike juu ya ng'ombe. Siku ya kuniaga, kila aliyesimama kuongea alitaja ng'ombe, josho na chanjo, kisha mkanipa saa ya ukutani yenye picha ya ng'ombe mnene wa kizungu ambaye mkoa mzima wa Mara humkuti. Asanteni sana, ameshapata ukuta wake. Lakini niwaambie ukweli mapema, vijana wangu wa idara: katika miaka yangu yote ya kazi, siku niliyoruka kwa furaha mpaka mtandio ukanidondoka ni siku mbwa alipokojoa sebuleni kwa watu, kule mtaa wa Mwisenge. Hata sasa nikiikumbuka nashindwa kukaa kwenye kiti. Nitafika huko. Kwanza mjue nilianzia wapi, maana bila Bunda na Butiama yule mbwa angenishinda.

Nimezaliwa Musoma mjini, baba yangu fundi cherehani, familia ya Kiislamu ambako mbwa aliishia nje ya geti. Nilipopata kazi ya mifugo mama aliniuliza swali moja tu: "Na mbwa ni mifugo?" Nikamwambia hapana mama, ni ng'ombe na mbuzi. Ndivyo nilivyoamini kwa muda wa kama wiki hivi. Baada ya hapo nikashona makoti mawili, la kijani la ng'ombe na la bluu la mbwa. La bluu lilikuwa na ndoo yake, sabuni yake na kamba yake ya kuanikia, mbali kabisa na nguo zangu za kuswalia. Najua mlikuwa mnanicheka. Lakini mbwa wa wilaya mbili walilijua koti lile, na wengi walikuwa wakiliona tu wanakumbuka wana shughuli mahali pengine.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Bunda, na aliyenipokea ni Mzee Magesa, mtu mrefu, mkimya, mwenye pua ambayo serikali ingepaswa kuilipa posho yake peke yake. Siku ya kwanza alinipa kipimajoto kilichofungwa uzi, na mwisho wa uzi kuna kibanio cha nguo. Kibanio unakibana kwenye mkia. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia kipimajoto kisicho na uzi huwa kinaingia ndani ya ng'ombe na kuhamia huko. Hilo ndilo somo lake refu kuliko yote ya wiki ile.

Kesi iliyonifungua macho ilitokea kwenye vijiji vya pamba. Mkulima mmoja alikuja mbio ofisini, ng'ombe wake wamegoma kunywa maji. Majirani walishasema ni kichaa, kwa kuwa mnyama mwenye kichaa huogopa maji, na watu walikuwa wanahamisha watoto. Mimi nilikuwa natetemeka kwa hamu ya kuona kichaa kwa macho yangu, ujinga wa ujana. Mzee Magesa hakugusa hata ng'ombe mmoja. Alisimama katikati ya mji wa yule mkulima akauliza, "Kitu gani kipya kimeingia hapa?" Mkulima akasema hakuna. Mzee akazunguka ananusa: ukuta, zizi, kamba, mpaka akafika kwenye birika la kunyweshea. Lilikuwa nusu ya pipa lililokatwa. Pipa lile zamani lilibeba dawa ya kuua wadudu wa pamba.

"Njoo unuse, binti," akaniita. Nikanusa, machozi yakanitoka.

Ng'ombe wale hawakuwa wagonjwa. Walikuwa na akili kuliko sote tuliosimama pale. Njiani kurudi, mzee akiendesha pikipiki na mimi nimeshika boksi la dawa nyuma, aliongea kwa sauti ya kushindana na upepo. "Mgonjwa wetu hasemagi. Anayesemaga ni mwenye mji, na anasemaga kinachomuuma yeye. We uliza nini kimeingia. Halafu usiridhike na jibu. Nusa!" Nililala na maneno hayo, na nimeamka nayo mpaka nimestaafu.

Kutoka Bunda nilihamishiwa Butiama, na huko ndiko nilikozoea mbwa. Siku za chanjo ya kichaa cha mbwa zilikuwa sherehe. Watu walileta mbwa kwa kamba za katani, kwa minyororo ya baiskeli, kwa mikanda ya suruali. Nakumbuka bwana mmoja alimleta wake ndani ya gunia begani, akasema, "Dokta, huyu mchomee hapo hapo ndani, tusitafutane." Nikamchomea hapo hapo.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mfugaji, na kila asubuhi nilimwona akifanya kazi yake ya vibuyu vya maziwa. Ng'ombe akianza kukojoa, anakinga kibuyu, anasukasuka, anamwaga, kisha anaingiza kijiti chenye moto ndani mpaka moshi unajaa. Mara ya kwanza nilipoona nilimuuliza kama sabuni imeisha dukani. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Dokta, sabuni inaachaga harufu ya duka. Maziwa yanataka harufu ya nyumbani." Sikuwahi kuyanywa yale maziwa, dini yangu na tumbo langu vilikubaliana kwenye hilo. Lakini harufu ya kibuyu kile, moshi na maziwa na kitu cha tatu, niliijua. Ukishaijua huwezi kuichanganya na nyingine.

Miaka ya mwisho nikarudi nyumbani, Musoma mjini. Mjini mbwa ana jina, ana sahani yake, na wengine wanalala sebuleni. Hapo ndipo yalipoanza kuja malalamiko ambayo Bunda sikuyasikia: "Dokta, mbwa wangu mzima, amefundishwa vizuri, ghafla anakojoa ndani." Na mwenye mbwa kashashika fimbo. Vijana, wekeni fimbo mbali. Mbwa mtu mzima aliyezoea kutoka nje haamki siku moja akaamua kuwa mkorofi. Ulizeni kwanza kama anakunywa maji kuliko zamani, kwa sababu figo na sukari huanzia hapo. Muangalieni anavyokojoa: anarudiarudia bila kitu kutoka? Kuna damu? Anaweza kuwa na maambukizi au mawe kwenye kibofu. Jike aliyetolewa kizazi anaweza kuvuja akiwa usingizini bila hata kujua. Mzee naye huwa anashindwa kuwahi mlango. Na kumsugua pua kwenye mkojo wake hakumfundishi chochote zaidi ya kukuogopa wewe.

Sasa ndiyo tumefika kwa Mwalimu Wakuru.

Aliingia ofisini asubuhi, mama wa makamo ya bibi, amenyooka kama anaingia darasani, na mbwa wake wa rangi ya kahawia kwenye kamba. Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, anaishi peke yake Mwisenge. Masikio yake yalikuwa yamepungua, kwa hiyo aliongea kwa sauti ya kufikia dawati la mwisho.

"Dokta, naomba unithibitishie kwamba anayekojoa nyumbani kwangu ni mbwa!"

Ofisi nzima ikageuka. Nikamshika mkono nikamtoa nje, tukakaa kwenye benchi upande wa kivuli, na huko akanieleza. Mbwa anaitwa Kengele. Alimpa jina hilo kwa sababu mtu akipiga hodi yeye hasikii, ila Kengele anakuja kumgusa goti kwa pua, na yeye anajua kuna mgeni. Kwa msaada huo anaishi peke yake bila wasiwasi. Miaka yote Kengele hakuwahi kuchafua ndani. Sasa tangu yeye mwalimu arudi kutoka Butiama kwenye msiba wa mama yake, kila baada ya siku chache anakuta kiti chake kimelowa. Si kiti kingine chochote, kiti anachokalia yeye. Anafua mito, anaianika kwenye ua. Jirani yake, Mama Kulwa, akaiona mito, akahesabu kichwani mwake, akampigia simu Neema, binti wa mwalimu aliyeko Mwanza: mama yako anajikojolea na anamsingizia mbwa.

"Neema amekuja," akasema, na safari hii sauti ilishuka yenyewe. "Hakuniuliza kitu. Nimeingia chumbani nimekuta ameniwekea kitandani pampasi za watu wazima, pakiti nzima. Mimi! Nimefundisha darasa la kwanza, nimebadilisha watoto wa watu kaptula. Anasema likizo yake ikiisha ananichukua Mwanza, nyumba apangishe, Kengele apewe mtu yeyote atakayemtaka."

Akamtazama mbwa, mbwa akamtazama. "Ukiniambia ni mimi, nitaenda. Lakini siyo mimi, Dokta. Ninajijua."

Niseme wazi, iliniuma. Mama yule hakuogopa Mwanza. Aliogopa kwenda Mwanza akiwa mtu asiyeaminika hata kwa mwili wake mwenyewe. Nikavaa koti la bluu siku hiyo hiyo, nikapanda bodaboda na boksi langu.

Neema alinipokea vizuri, shikamoo ya magoti kabisa, binti mwenye adabu aliyechoka usoni. Nilimpima Kengele uani. Joto zuri, tumbo laini, kibofu hakiumi. Nilimsubiri akakojolea mpapai, mkojo mwingi, wa mfululizo, nikaukinga kwenye kopo nikachovya kijiti cha kupimia. Damu hakuna, sukari hakuna, maambukizi hakuna. Bakuli la maji halikuwa linaisha haraka kuliko zamani. Kwa ufupi, mbwa mzima kama chuma. Kwa kawaida hiyo ni habari njema. Siku ile niliona Mwalimu Wakuru akiipokea kama matokeo mabaya ya mtihani, kwa sababu mbwa asiyeumwa alimrudishia kesi yeye.

Neema akanivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini ambayo mama yake asingeweza kuisikia. "Dokta, mimi simchukii mama. Anazeeka tu, siyo kosa. Lakini fikiria na wewe. Kengele amekaa humu miaka yote hajawahi. Leo aanze, tena kwenye kiti cha mama peke yake? Mbwa anachaguaga kiti?"

Hoja yake ilikuwa nzito. Nikarudi sebuleni, nikasimama katikati kama Mzee Magesa, nikauliza kwa sauti kubwa ili mwalimu asikie: "Mwalimu, kitu gani kipya kimeingia humu ndani?"

"Hakuna kipya!" akajibu. "Nyumba ni ile ile, viti ni vile vile. Mimi nitanunua nini?"

Usiridhike na jibu. Nikapiga magoti pale kwenye kiti chake, na mtandio wangu na heshima zangu zote, nikaanza kunusa. Nilimsikia Neema akisema, "Jamani, Dokta!" Nikaendelea. Katikati ya kiti pakavu, safi, hapana kitu. Nikashuka pembeni, upande wa ukutani, na hapo nikaona doa limeshuka kwenye mguu wa nje wa kiti, limeanzia usawa wa goti la mtu aliyesimama na kugusa ukingo wa mto. Mtu aliyekaa hawezi kulowesha mguu wa nje wa kiti na kuacha katikati pakavu! Na hapo hapo, juu kidogo ya doa, harufu ikanipiga. Moshi. Maziwa. Na kitu cha tatu.

Nikainua macho. Nyuma ya kiti, kwenye msumari, kilining'inia kibuyu cheusi kilichong'aa kwa kushikwa miaka mingi, na kamba yake ya ngozi.

"Na hiki, Mwalimu?"

"Hicho siyo kipya," akasema, karibu na kukasirika. "Hicho ni cha mama yangu. Kina umri mkubwa kuliko mimi. Nilikuwa nakinywea maziwa kabla sijaanza shule."

"Kimefika lini hapa?"

Akakitazama kibuyu. Kisha akajibu polepole. "Nimekuja nacho kutoka msibani. Mdogo wangu alinipa, akasema nikae nacho karibu." Akamtazama Neema, akanitazama mimi, na nikaona aibu ikimpanda. "Alikiosha kwanza. Alikiosha kama mama alivyokuwa anakiosha. Sikutaka kuwaambia watoto wa mjini."

"Kwa mkojo wa ng'ombe?" nikauliza.

"Kwa mkojo wa ng'ombe."

Vijana wangu, nilitaka kupiga kigelegele pale pale, nikajizuia kwa sababu ya kazi. Kengele ni dume, hakuhasiwa. Dume akikuta mkojo wa mnyama mwingine ndani ya himaya yake, hudondosha wake kidogo juu au karibu yake. Hapo hajisaidii, anajibu, kama mtu anavyoitikia salamu. Ndiyo maana mkojo wa ndani ulikuwa kidogo, na ndiyo maana ulikuwa mahali pamoja. Mwalimu alikuwa amekitundika kibuyu cha mama yake pale alipotaka awe karibu nacho, yaani kwenye kiti chake.

Lakini Neema hakuniamini. Alikunja mikono. "Dokta, samahani. Hayo ni maelezo. Mimi nataka kuona."

Binti mwenye akili. Nikamwambia tutaona. Tukatoa kiti cha mwalimu uani, tukakisugua kwa siki na maji. Nikachukua kibuyu, nikakitundika mbali, kwenye kona ya meza ya televisheni, mahali ambapo Kengele hakuwahi hata kupalalia. Mwalimu akakaa kwenye kiti cha wageni, Neema kwenye kochi, mimi mlangoni. Tukamwingiza Kengele.

Kengele aliingia, akatutazama sote, akajilaza katikati ya sebule akasinzia.

Neema akapika chai. Tukanywa chai. Kengele akakoroma. Mwalimu alishika kikombe kwa mikono miwili, macho yake hayabanduki kwa mbwa. Sijawahi kumwomba Mungu mbwa akojoe, wala sijui kama inaruhusiwa, lakini nilikuwa karibu. Neema alishaanza kukusanya vikombe, taratibu, kama mtu anayefunga mkutano.

Kengele akaamka. Akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma. Pua ikapanda hewani, ikageuka. Akatembea mpaka kwenye meza ya televisheni, akanusa chini ya kibuyu, akanusa tena kwa makini ya mkaguzi wa shule. Neema alisimama na vikombe mkononi. Mbwa akazunguka, akasogea, akainua mguu.

"Ndiyeee!" Nani alianza kupiga kelele sijui, nadhani ni mimi. Mwalimu Wakuru alirusha mikono juu kama timu yake imefunga bao. "Ni yeye! Neema, umeona? Ni yeye!" Mimi nikaruka, mtandio ukadondoka, Kengele akashtuka katikati ya kazi, akatukodolea macho, mguu bado uko juu, hajawahi kushangiliwa namna ile maishani mwake. Nikamwambia mbwa mzuri, mbwa mzuri sana, endelea.

Dawa yake niiseme hapa kabla sijasahau, maana kuna watakaosoma wakitafuta hiyo tu. Ondoa kile anachokijibu, au kiweke asikofika. Kibuyu cha mwalimu kilihamia jikoni, ndani ya kabati. Osha alama zote kwa siki, kisha anika juani. Na dume asiye na kazi ya kuzalisha, mhasi; itampunguzia hamu ya kujibu kila salamu.

Sasa turudi sebuleni. Furaha ilipotulia tulimwona Neema. Alikuwa ameweka vikombe chini na machozi yanamtiririka. Alikwenda akapiga magoti mbele ya mama yake, akaongea karibu na sikio lake. "Mama, nisamehe. Sikukuuliza. Nilipaswa kukuuliza."

Mwalimu alimtazama kwa muda, kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyejibu vizuri akiwa amechelewa. Akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake. Kisha akaonyesha mlango wa chumbani.

"Kalete zile pampasi ulizoniletea," akasema kwa sauti yake ya darasani. "Nasikia zinafyonza sana. Futia hapo."

Neema akacheka huku analia, akazileta, akachana pakiti, akapiga magoti kwenye kona ya televisheni akaanza kufuta. Na kweli zinafyonza. Nimekuwa nazibeba kwenye boksi langu tangu siku ile.

Alikuwa bado anafuta Kengele alipoinuka, akaenda kumgusa mwalimu goti kwa pua. Nikasikia hodi. Ilikuwa Mama Kulwa, amesikia kelele zetu hadi kwake, amekuja kujua kuna nini, shingo imeshaingia kabla ya miguu.

Mwalimu Wakuru alitoka nje hadi uani, akakibeba kiti chake mwenyewe mpaka ndani, kimeoshwa, kimekaushwa na jua, akakiweka mbele ya jirani yake.

"Karibu, Mama Kulwa," akasema. "Kaa. Ni kikavu."